Ndoano za Mtera na Hombolo: kagua kitundu kabla ya ncha

Tangu mvua zianze, malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Dodoma wanaovua kwenye mabwawa ya Mtera na Hombolo ni yaleyale: kambale kanasa, kavutwa hadi karibu na ukingo, mara mshipi unalegea na ndoano imekwenda naye. Kila mtu analaumu mshipi. Ananunua mnene zaidi, kambale anaondoka tena. Tazameni kipande cha mshipi kilichobaki mkononi. Kama kimekwaruzwa penye fundo, tatizo ni kitundu cha ndoano.

Ndoano ni waya uliokunjwa. Kichwa chake huzungushwa ili kupata kitundu cha kufungia mshipi, na kwenye ndoano mbovu mzunguko huo haufungi vizuri. Pengo linabaki, tena lina ukingo mkali kama wembe, unaosaga nailoni kila samaki anapotikisa kichwa. Dukani watu hujaribu ncha kwenye ukucha, wakiridhika wanalipa. Ncha butu utainoa kwa tupa nyumbani, lakini kitundu kilichoachama ukikibana kwa koleo, mara nyingi chuma kinakatika. Nendeni na uzi wa cherehani. Upitishe kwenye kitundu, uuvute, uzungushe pande zote. Ukinasa au ukichanika, rudisha hiyo ndoano hapohapo.

Kwangu ya kwanza ni Mustad, na sifichi kwamba naipendelea. Hawa Wanorwei wanatengeneza ndoano tangu 1877, na zile halisi kitundu chake kimefungwa vizuri. Namba zake huwachanganya wengi: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, lakini ukishapita 1 hesabu inageuka, 2/0 ni kubwa kuliko 1/0. Perege ana mdomo mdogo, mchukulie namba 8 au 10 na nyungunyungu, au donge la ugali uliokandwa ukashikana. Kambale anataka 2/0 hadi 4/0, na chambo chenye harufu: utumbo wa kuku unatosha kabisa.

Ya pili ni Owner na Gamakatsu za Japani. Ni kali kuliko Mustad, nakubali. Ila bei yake ni kubwa, na Mtera imejaa visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojaa. Ndoano itakwama tu, na ukikata mshipi umeacha pesa chini ya maji.

Zile zisizo na jina zinazouzwa kwa kuchota ni za perege wadogo. Basi.

Chambo bandia, vile vijiko vya chuma vinavyometameta, msinunue kipindi hiki cha mvua kinachoanza Desemba. Maji yanakuja na udongo, yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, samaki hakioni hicho kijiko. Kambale anatafuta kwa sharubu na harufu. Subirini maji yatulie na kuwa maangavu.

Angalieni na kina. Maji ya Mtera yameruhusiwa kupanda hadi mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kushuka hadi 690, na kwa kuwa kingo zake ni tambarare, mita moja tu ya kushuka inasogeza ufuko mbali sana. Yakipanda, perege wanaingia kwenye nyasi zilizofunikwa: boya na ndoano ndogo. Yakishuka, kambale wanabaki kwenye tope la kina kifupi, maana wana kiungo cha kuvuta hewa ya juu na hawaogopi maji mazito. Hapo ni chubwi (ile risasi ya kuzamisha mshipi), ndoano kubwa na chambo chini kabisa, jioni kuingia usiku. Hombolo nako ni hivyo hivyo kiangazi kikikolea.

Linaloniudhi ni wauzaji. Wanamwaga boksi la Mustad kwenye bakuli, wanachanganya na zisizo na jina, kisha wanauza zote kwa bei ya Mustad. Ukiomba boksi lililofungwa, unaambiwa limeisha. Ukitoa uzi wako, unaambiwa unaharibu biashara. Ukiuliza bei imepandaje, jibu ni usafiri kutoka Dar. Boksi zima la ndoano linaingia mfukoni mwa shati, usafiri gani huo?