Biblia ya herufi kubwa (Union Version): baada ya mwaka mmoja mkononi

Niliinunua wiki ileile niliyomaliza kulipa mkopo wa gari. Miaka yote ya makato nilikuwa najiambia kwamba siku hiyo moyo wangu utatulia. Ulitulia siku mbili. Ya tatu nikajikuta natazama picha za gari jingine, na kwa kweli niliogopa.

Kitu chenyewe kimetengenezwa vizuri. Herufi zinasomeka usiku bila kukodoa macho, na mshono wa mgongo ni imara: ukiifungua inalala wazi. Karatasi ni nyembamba, wino hupenya upande wa pili, kwa hiyo pigia mistari kwa penseli. Zipu ya jalada iliharibika mwezi wa sita.

Kilichonifaa kuliko vyote ni itifaki fupi iliyo nyuma, yaani orodha ya maneno na mistari yanamopatikana. Usiku mmoja nilitafuta neno “shiba”, ikanipeleka Mhubiri 5:10: “Apendaye fedha hatashiba fedha.” Nikarudi mwanzo nikasoma sura zote 12 kwa mkao mmoja. Ile ya pili ilinishika. Mtu anajenga nyumba, anapanda mizabibu, anachimba mabirika ya maji, anakusanya fedha na dhahabu na waimbaji, kisha anatazama yote na kusema ni kujilisha upepo. Mimi nilikuwa na orodha kwenye simu, vitu vya kupata kabla sijafika miaka 40, na vingi nilishaviwekea alama. Yake ilikuwa ndefu kuliko yangu mara nyingi, na ilimfikisha palepale nilipokuwa nimekaa mimi.

Tafsiri hii ni ya 1952, na mgeni atakwazwa kidogo na Kiswahili chake. “Hata”, kwa mfano, mara nyingi ni “mpaka”. Usiliache neno hilo likupite katika Zaburi ya 73. Asafu, mtunzi wake, anawaonea wivu matajiri waovu, anaumia kweli, “hata nilipoingia katika patakatifu pa Mungu”. Zaburi nzima inageukia hapo. Mali za wale watu ziko vilevile, wala yeye hajaongezewa kitu, lakini mistari michache mbele anamwambia Mungu: “Wala duniani sina cha kupendeza ila Wewe.” Nililia niliposoma hapo. Sikuwahi kumwambia Mungu neno kama hilo. Sala zangu zote zilikuwa maombi ya kuongezewa.

Siku hizi naifungua alfajiri kabla ya kushika simu. Nasoma kidogo, nanyamaza, namshukuru Mungu kwamba yupo. Gari ni lilelile. Tamaa huja bado, hasa mwisho wa mwezi, ila hainikeshi tena.

Kwa anayesoma kila siku, naipendekeza kwa moyo wote. Utepe wa alamisho umeanza kuchanika, na zipu nitampelekea fundi viatu.