Saluni ya Majengo imefunguliwa tena, nimeshanyoa, sikilizeni

Jamani nilikuwa sijanyoa tangu katikati ya Machi 2020, ile wiki alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyeshukia hapohapo kwetu, uwanja wa ndege wa KIA. Fundi wangu wa Majengo hapa Moshi akafunga mwezi wa nne, hakuna aliyemlazimisha, kaamua mwenyewe. Na mimi kazi zangu ni za mlimani, ndege za nje zilivyosimama Aprili wageni wakakata kabisa, sasa ninyoe nikamwonyeshe nani.

Kabla hajafungua nilijaribu sehemu nyingine, siitaji. Ndoo ipo mlangoni, imepakwa rangi imeandikwa NAWA MIKONO, nafungua koki, hola, hata tone. Ndani tumebanana saba benchi moja, feni inatupuliza wote, mashine imetoka kichwani kwa mtu ikapigwa brashi mara mbili inakuja kwangu. Nikajifanya simu inaita nikasepa.

Sasa huyu wangu kafungua mwezi wa sita na kwa kweli kajipanga. Ndoo yake ni ya kukanyaga, fundi wa kuchomelea wa jirani kamtengenezea, pedeli moja maji nyingine sabuni. Mnaweza kuona ni mbwembwe ila fikirieni, koki ya kawaida unaifungua na mkono mchafu, unanawa vizuri, halafu unaifunga na mkono msafi, si umerudi palepale.

Viti vilikuwa vitatu, cha katikati kakitoa. Lile dirisha la nyuma lililokuwa limezibwa na bango la mitindo kalifungua, na feni kaigeuza inasukuma hewa nje. Hapa ndo nilimvulia kofia, maana ugonjwa wenyewe wa kupumuliana, watu wanapulizia dawa mpaka miguu ya viti huku madirisha yamefungwa. Benchi la kusubiria hamna, unampigia anakupa muda, ukiwahi unakaa nje chini ya mti. Mimi nilipewa saa nane nikaingia saa tisa kasoro, kaja mzee na mjukuu wake bila kupiga simu, na mzee huwezi kumwacha juani, naelewa, ila fundi, na mimi nina mambo yangu.

Mashine anaichomoa kwanza kwenye umeme, anapiga brashi nywele zote zitoke, ndo anapaka spiriti na anaiacha ikauke yenyewe. Nikamuuliza kwa nini asitumie Jik ambayo ni bei chee, akanambia Jik inakula meno ya mashine. Na spiriti anachukua ya asilimia 70, hizo kali zaidi zinakauka haraka kabla hazijafanya kazi. Shuka kila mtu na lake, yanafuliwa yanaanikwa nyuma, shingoni anakuzungushia tishu. Skrabu na kukandwa uso kasimamisha, yule dada aliyekuwa anatuosha sasa anapokea simu na kupanga zamu.

Kasheshe ni masikio. Barakoa huvui, kwa hiyo akifika pembeni unatoa kamba ya upande huo unaibana na vidole usoni, yeye anazunguka sikio, mnahamia upande wa pili. Mkono unachoka balaa.

Bei ilipanda, toka 2,000 ikawa 3,000. Nilinuna, ila viti vimepungua, spiriti ya kununua, maji ya kununua, sawa tu, ingawa angeweka kibao nje tujue mapema kuliko kuambiwa ushakaa kwenye kiti na shuka shingoni.

Lililonikera zaidi ni mdomo wake. Siku hiyo habari ni Liverpool kuchukua ubingwa, na jamaa akianza kubishana barakoa inashuka kidevuni, anaongelea juu ya utosi wako. Nikamwambia fundi pandisha hiyo kitu, akacheka akapandisha, dakika mbili imeshuka tena. Mwenye kiti cha pili naye akamwambia, ndo akatulia.

Nampa nyota nne. Nimefika nyumbani mama watoto ananizunguka, kumbe pale nilipokuwa nimebana ile kamba kushoto kuna kishungi kimebaki nyuma ya sikio kama mkia wa panya. Kakimalizia yeye na wembe, bure.