Sennheiser IE 600: anza na vipira, mambo ya kuzizoesha baadaye

IE 600, hedifoni za kuingiza sikioni za Sennheiser, zilitoka mwaka 2022 kwa bei ya karibu dola 700 Marekani. Ganda lake ni la aloi ya zirkoniamu iliyochapwa kwa printa ya 3D, gumu sana, na ndani kila upande una spika moja tu ya milimita 7. Washindani wengi wa bei hii hujaza spika nne au sita kila upande. Hapa moja imetosha: besi ya chini kabisa inashuka bila kumfunika mwimbaji, na kwenye rumba unaweza kulifuata gitaa la solo peke yake hata kwaya ikiwa imepamba moto. Sauti za juu ni kali kidogo. Rekodi za zamani zenye fidla nyingi zitawachosha wenye masikio mepesi.

Utaambiwa uzizoeshe kwa kuzipigisha muziki saa 100 kabla ya kuzihukumu. Hakuna ubaya, lakini usitegemee miujiza. Utando wa spika ndogo kiasi hiki hulegea kidogo mno, na kukaa vibaya sikioni kwa milimita moja hubadilisha sauti kuliko hizo saa zote. Anayesema besi "imefunguka" baada ya wiki mbili, mara nyingi ameshajifunza kuzivaa, na masikio yake yameizoea ladha ya hedifoni hizi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ishughulikie vipira, vile vifuniko laini vya mdomo wa hedifoni vinavyoingia sikioni. Kwenye boksi kuna vya silikoni na vya sponji, saizi tatu kila aina. Usidhani masikio yako yanalingana. Wengine huishia saizi ya kati kulia na kubwa kushoto. Pitisha waya juu ya sikio, livute sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, fungua mdomo kidogo, kisha sukuma taratibu. Cha sponji kibinye kwanza kwa vidole, ingiza, kishikilie nusu dakika kitanuke. Halafu piga toni ya besi ya hezi 40 na utafune kana kwamba unakula. Toni ikipungua au kupotea, hewa inavuja: panda saizi. Vipira hivi pia hukaa kwenye mdomo wa hedifoni kwa hatua mbili. Kukivuta hadi hatua ya nje huwasaidia wenye tundu refu la sikio, maana ganda lenyewe ni dogo na halifiki mbali.

Ndani ya kila kipira kuna kisponji. Usikitoe. Kinapunguza ukali wa sauti za juu na kuzuia nta. Kikiziba, upande mmoja husikika hafifu na watu hudhani spika imekufa, kumbe dawa ni kubadilisha kipira.

Unapata nyaya mbili, ya plagi ya milimita 3.5 na ya 4.4. Zote ni ngumu na hupeleka mchakacho sikioni zikigusa nguo; hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote. Kununua mbadala si rahisi, kwa sababu tundu la MMCX (aina ya kiunganishi cha waya na hedifoni) limezama ndani ya ganda na vichwa vya nyaya nyingi vya kampuni nyingine haviingii. Pima kabla ya kulipa.

Ampu kubwa, yaani kifaa cha kukuza sauti, si lazima. Ni rahisi kuziendesha (omu 18, desibeli 118 kwa volti 1), hivyo adapta ndogo ya hedifoni ya USB-C ya Apple inazitosha kabisa, ingawa kwenye baadhi ya simu za Android adapta hiyo hutoa sauti ndogo. Ampu yenye nguvu mno huleta mvumo wa "shhh" nyimbo zinapotulia.

Ukinunua zilizotumika, ambazo bei yake huwa nafuu zaidi, zungusha kila kichwa cha waya taratibu huku muziki unapiga. Sauti ikikatika, jaribu waya wa pili. Ikiendelea kukatika, tatizo liko kwenye tundu la ganda, na hizo ziache.