Huduma ya kuacha sigara ya jiji la Leicester: nyota nne kati ya tano

Nawaandikia madereva wenzangu wa teksi za usiku, na nyinyi mnaokaa barzani Evington Road mkipokezana kiberiti. Nimemaliza wiki 12 za huduma ya kuacha sigara ya kaunsili yetu, yaani halmashauri ya jiji. Sivuti. Huduma naipa nyota nne, na ile ya tano nitawaambia imekwenda wapi.

Tuanze na mfuko. Huduma yenyewe hulipi. Paketi ya sigara 20 Uingereza imeshapita pauni 15, na dereva wa usiku haishii paketi moja. Tangu Aprili 2013 kazi ya afya ya jamii iko mikononi mwa kaunsili, si NHS (huduma ya afya ya taifa) peke yake, kwa hivyo hapa wanashikana wengi: kaunsili inatoa pesa, daktari wako au hospitali inakutuma, mshauri anakufuatilia kila wiki, na dawa unaichukua duka la dawa. Ukitaka, jipeleke mwenyewe kwa simu. Mimi nilijipeleka.

Kilichonishika ni kipimo. Mshauri anakupa kidude cha mkononi chenye mrija wa karatasi. Unavuta pumzi, unaizuia sekunde 15, halafu unapuliza polepole mpaka huna kitu kifuani. Namba inayotokea ni ya kaboni monoksaidi, hewa ileile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Asiyevuta huwa chini ya 10. Mimi ilitoka 27. Mshauri hakuguna wala hakunihutubia, aliandika tu. Hewa hiyo hutoka mwilini kwa siku moja au mbili ukiacha, kwa hivyo kipimo kilichofuata kilisoma 2. Mama watoto, ambaye ahadi zangu za kuacha alishazizoea kama adhana, aliomba kuiona hiyo 2 kwa macho yake.

Dawa nilipewa mbili pamoja: plasta na chingamu. Plasta ya miligramu 21 unaibandika asubuhi begani, inatoa nikotini kidogokidogo kutwa. Chingamu ni ya arosto ya ghafla, ile hamu ya sigara inayokupanda ukiwa kwenye foleni ya stesheni na abiria hawaonekani. Sasa sikilizeni, maana wengi wanaikosea: haitafunwi kama chingamu ya watoto. Unaitafuna mpaka ukali utoke, kisha unaiegesha shavuni, ukali ukiisha unatafuna tena. Aliyewahi kukaa mkao wa mirungi kabla haijapigwa marufuku Uingereza mwaka 2014 hahitaji kufundishwa. Ukimeza mate haraka, utapata kwikwi na kiungulia.

Plasta ina mambo yake usiku. Niliota naendesha matatu Kongowea, abiria wote wazee wa mtaa wa Highfields hapa Leicester, wanadai risiti. Mshauri akasema ndoto hizo zinajulikana, nivue plasta kabla ya kulala. Nikavua, zikaisha.

Kuna wanaochagua sigara ya umeme, na hapa Leicester hutazamwi kwa jicho baya. Huduma ya jiji hili ilikuwa ya kwanza Uingereza kuzikubali waziwazi, mwaka 2014, wakati kwingine bado wanabishana. Sababu yao naiona ina akili: nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachoua ni moshi. Mwenzangu wa zamu aliacha kwa njia hiyo. Zile za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku tangu Juni 2025, kwa hivyo utatumia ya kujaza. Kijana ambaye hajawahi kuvuta hana kazi nayo, na kijana wangu nimeshamwambia.

Nyota ya tano ilipotea kaunta ya duka moja la dawa, ambalo sitalitaja. Nilifika na karatasi yangu, plasta hakuna, rudi kesho. Kesho yake binti wa kaunta akapaza sauti, “Ni ya kuacha sigara, eti?” na nyuma yangu amesimama mama mkwe wa rafiki yangu. Mshauri aweze kukubembeleza wiki nzima, halafu siku ya arosto mtu anakurudisha mikono mitupu! Mnyororo wote unategemea hapo kaunta. Nilihamia duka jingine, na huko sikupata taabu.

Neno kwa wanaokula tambuu na tumbaku. Msijitoe mkasema hamvuti. Mwongozo wa afya wa Uingereza, tangu ule wa 2012, unazitaka huduma ziwasaidie hata watafunaji, hasa kwenye miji kama wetu yenye jamii kubwa ya watu wenye asili ya Asia Kusini. Semeni mapema kwenye simu ya kwanza, kwa sababu kile kidude cha kupuliza kinapima hewa ya moshi tu, watafunaji hakiwezi kuwaona.

Na Ramadhani? Watu hungoja mwezi, wanafunga kutwa bila sigara, kisha adhana ya magharibi tende moja na moshi juu. Ningekuwa wewe ningeanza wiki tatu kabla, arosto kali iwe imepita. Chingamu haiendi na saumu; plasta muulize sheikh wako. Simu piga mchana kabla ya zamu, usiku hawapo.