Spini Dodoma: futi 6,000 za kutoka wapi?

Nimelipia somo la spini, yaani ndege kuanguka huku ikizunguka kama pia; nimeruka, sirudi. Ndege haina kosa. Kosa ni saa ya mwinuko, ile inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani, na mtu aliyekuwa anaisoma.

Kitabu cha Cessna 152, kandege ketu ka mafunzo, kinashauri uanzie futi 6,000 juu ya ardhi ukitaka spini ya mizunguko sita. Juu ya ardhi! Mkufunzi kaona 6,000 kwenye saa, kasema, "Hapa panatosha." Saa ile inahesabu kutoka usawa wa bahari, na uwanja wa Dodoma wenyewe uko karibu futi 3,700. Toa: zinabaki 2,300, na vilima hujavigusa. Sawa, tulikuwa tunafanya mzunguko mmoja tu. Huo nao, hadi utoke, unakula kama futi 1,000. Umebaki na 1,300, wakati unatakiwa uwe umeshamaliza ukiwa zaidi ya futi 1,500 juu ya ardhi.

Nikamwambia, "Kapteni, hizo ni za kutoka baharini."

"Kijana, umekuja kuruka au kunifundisha hesabu?"

Sababu yake naijua. Saa nane mchana, joto la Dodoma, hewa nyepesi, kainjini kanapanda kwa kujivuta. Kufika 9,700 kwenye saa, yaani 3,700 za uwanja na 6,000 za kitabu, ni mafuta na muda. Si mngepanga saa moja asubuhi!

Haki yake nimpe, mikono anayo. Boksi la zabibu nyuma ya viti alilishusha mwenyewe kabla ya kuwasha, maana uzito ukikaa nyuma pua inagoma kushuka na spini inakataa kutoka. Hatua alizisema vizuri: gesi ya injini yote chini, usukani usielemee upande wowote, kanyaga pedali ya kinyume na mzunguko mpaka igote, ndipo usukume usukani mbele kwa nguvu. Mzunguko ukikata, pedali katikati, vuta taratibu. Wengi wanaharibu hapo mwisho: wanasahau mguu kwenye pedali, wanavuta kwa pupa, ndege inaingia spini ya upande wa pili. Na ukipotewa na upande, tazama kale kandege kalikochorwa kwenye saa ya kugeukia, inayoonyesha ndege inageukia upande gani. Achana na kagololi kalikomo kwenye saa hiyo hiyo.

Nilitaka kumpa nyota tatu kwa maelezo hayo. Lakini tulipotoka saa ilisoma chini kidogo ya 5,000, na mabati ya nyumba nilikuwa nayaona moja moja. Nyota moja. Tena ya ndege.