Kompyuta ya Mpiga Picha Anayeanza: Ya Kununua na ya Kukwepa Nairobi

Kijana akinijia kuuliza aanzeje kazi ya picha, swali la kwanza huwa Canon au Nikon. La pili ni lenzi. Kompyuta huulizwa mwisho kabisa, ikiwa imebakishiwa pesa za nauli.

Simcheki, maana nami nilianza hivyo. Pesa zote ziliishia kwenye kamera, picha nikaziweka kwenye laptopu kuukuu ya binamu yangu, ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Nikapiga ruracio (sherehe ya mahari) moja Limuru, nikamwaga picha zote humo, nikafuta kadi kwa sababu Jumapili nilikuwa na kazi nyingine. Jumatatu diski ikaanza kulia tik, tik, tik. Fundi aliokoa picha kama sitini hivi, na nyingi zilikuwa za chakula. Mamake bibi arusi hajanijibu salamu mpaka leo.

Kwa hivyo mpangilio ninaoutoa hapa hautafuti mashine yenye nguvu kuliko zote. Namfikiria mtu mwenye kama shilingi 50,000 mfukoni, tayari ana kamera, na anataka picha za wateja zisipotee. Mwenye pesa zaidi pia asome, kwa sababu makosa ni yale yale ila yake yatakuwa ghali.

Kwanza ujue mzigo wenyewe

Kamera nyingi za wanaoanza, kama Canon 2000D au Nikon D3500, hupiga picha za megapikseli 24. Faili moja ya RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, huwa na uzito wa megabaiti 20 hadi 30. Harusi ya picha 800 ni takriban gigabaiti 20, kabla hujahariri hata moja. Harusi kumi, gigabaiti 200. Laptopu yenye SSD (diski isiyozunguka) ya gigabaiti 256, ukiondoa nafasi ya Windows na programu, itajaa kabla msimu wa Desemba haujaisha.

RAM ya gigabaiti 8 itakuvusha, lakini utakuwa ukifunga Chrome kila unapofungua Lightroom, programu ya kuhariri picha. Gigabaiti 16 ndiyo raha. Diski ya kuzunguka ndani ya laptopu usiikubali hata ukipunguziwa bei. Hiyo ni ya kuhifadhia nje, si ya kufanyia kazi.

Prosesa ndiyo huwachanganya watu. Muuzaji atakwambia "hii ni i5" kana kwamba amemaliza mazungumzo. Uliza kizazi. Tazama nambari baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Katika laptopu za kawaida za Intel, i5 za kizazi cha 7 zilikuwa na viini viwili vya kufanyia kazi, kizazi cha 8 kikaja na vinne, na tofauti hiyo utaiona unapotoa picha 300 za kumpa mteja. Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Utauziwa mashine ya kizazi cha 6 iliyolazimishiwa Windows 11 kwa njia ya mkato. Itawaka, ndiyo, lakini Microsoft haikuahidi kitu chochote kwa mashine hiyo.

Nambari 1: Laptopu ya ofisi, ex-UK (iliyotumika Uingereza), kizazi cha 8

Hapa nazungumzia Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Hizi zilikuwa mashine za makampuni ya ng'ambo, zikatumika miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla, na sasa zimepangwa kama mikate kwenye stoli za Moi Avenue, Luthuli na Kimathi Street. Ni mtumba, lakini mtumba wa daraja la kwanza. Zilijengwa kufunguliwa na kurekebishwa, na fundi yeyote wa mjini anazijua.

Nimekuwa nikiulizwa kati ya shilingi 30,000 na 40,000, kutegemea RAM, SSD na jinsi nilivyovaa siku hiyo. Kati ya hizo tatu mimi huchukua T480. Ina nafasi mbili za RAM, ina tundu la kadi ya SD ubavuni, na zenye betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, zinakuruhusu kubadilisha ile ya nje bila kuzima mashine. Stima ikipotea mtaani Umoja saa mbili usiku ukiwa na albamu ya kupeleka kesho yake, utaielewa hiyo sentensi.

Zile za kutoka Uingereza kweli utazijua kwa kibodi: alama ya pauni iko juu ya 3, na kitufe cha Enter ni kirefu cha kusimama. Chaja yake huja na plagi ya pini tatu kama zetu, kwa sababu soketi zetu na zao ni sawa. Ikija na plagi bapa ya pini mbili, si lazima iwe mbaya, ila imetoka kwingine, na yule anayekuapia kwamba ni ex-UK ameanza vibaya.

Udhaifu wao ni skrini, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo wapiga picha huumia. T480 zilitoka kiwandani na skrini za aina tofauti. Nyingine ni za pikseli 1366 kwa 768, za aina ya TN, ambazo ukiinamisha kidogo tu, uso wa mtu mweusi unageuka majivu na anga la Ngong linakuwa maziwa. Unataka 1920 kwa 1080, IPS. Jaribu dukani: fungua picha ya mtu, kisha itazame kutoka kushoto, kulia, juu na chini. Rangi zikibaki pale pale, ni IPS.

Hata hivyo nyingi za hizo IPS za ofisi hazionyeshi rangi zote za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini. Nyekundu na chungwa huonekana zimefifia. Wewe bila kujua unaongeza rangi, unaongeza tena, unaridhika, unatuma. Mteja anafungua kwenye simu yake yenye skrini kali, na wakwe wote wana nyuso za nyanya. Dawa isiyo na gharama ni kutuma picha tatu kwenye simu yako na ya mtu mwingine kabla ya kumaliza kazi nzima, na kupunguza mwangaza wa skrini usiku ili usitoe picha za giza.

Nambari 2: Kompyuta ya mezani na skrini yake

Kama huhariri safarini na una chumba chenye meza, hii inaikaribia sana nambari 1, na kwa rangi za skrini inaipita. Chukua kisanduku kidogo cha ofisi kama Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, vyote vya kizazi cha 8, kisha skrini ya inchi 24 ya IPS, mfano Dell P2419H ya mtumba. Pesa ambazo kwenye laptopu zililipia betri na bawaba, hapa zinakupa rangi za kuaminika zaidi na nafasi ya kuongeza diski.

Imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu moja tu: stima. Bila UPS (betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea), umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, unaweza kupoteza kazi ya jioni nzima, na ule unaorudi kwa kishindo ni mbaya kuliko ule unaoondoka. Weka UPS kwenye hesabu tangu mwanzo.

Nambari 3: MacBook Air ya M1, iliyotumika

Mashabiki wa Apple watanirushia mawe. Kama mashine, ndiyo bora kuliko zote zilizo kwenye ukurasa huu: ilitoka Novemba 2020, haina feni, betri inadumu, na skrini yake ya 2560 kwa 1600 inaonyesha rangi vizuri kuliko laptopu yoyote ya ofisi niliyotaja. Ukiwa na 90,000, inunue na usinisikilize.

Lakini iliyotumika nimeiona mara chache chini ya 60,000, na aliyejikamua kuifikia bei hiyo hubaki bila diski ya akiba. RAM na hifadhi zimebandikwa humo humo. Ukinunua ya gigabaiti 8 na 256, utazikwa nazo. Ina matundu mawili tu ya USB-C na haina tundu la kadi, kwa hivyo ongeza kisoma kadi.

Hatari kubwa zaidi ni kufuli. Nyingine zilikuwa za makampuni na bado zimesajiliwa kwao, na nyingine zina akaunti ya iCloud ya mtu. Usikubali "nitakufungulia kesho". Mwambie muuzaji aifute mbele yako na aiwashe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Ikitaja usimamizi wa mbali au kudai akaunti usiyoijua, rudisha na uage kwa heshima.

Nambari 4: Simu uliyo nayo

Ndiyo, kabla ya laptopu mbovu. Snapseed ni ya bure na inafungua faili za RAW za aina ya DNG. Ukiwa na kamera, nunua kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu na upige JPEG, picha ambayo kamera imeshaibana. Kwa anayejifunza Uhuru Park au Jeevanjee wikendi, miezi sita ya hivyo inatosha kujua kama kazi hii unaipenda au ulipenda kamera ya rafiki yako. Harusi usiichukue ukiwa na mpango huu.

Nambari 5: Laptopu mpya ya bei rahisi

Prosesa dhaifu ya Celeron, RAM gigabaiti 4, hifadhi ya eMMC, ndugu mdogo wa SSD, ya gigabaiti 64. Inang'aa na ina karatasi ya nailoni juu ya skrini. Mzazi huinunua kwa nia njema kwa sababu "mtumba utaharibika". Mashine hii itahangaika na picha kumi za RAW. Mzee akisisitiza kitu kipya, mwombe anunue diski mpya.

Diski, kadi, na mambo yanayodharauliwa

Katika ile 50,000, toa kama 10,000 kabla hujaingia dukani. Hizo ni za diski ya nje ya terabaiti 1 na kisoma kadi. Utaratibu ni nakala tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, ya tatu nje ya nyumba, iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski iliyo kwa dada yako Rongai. Kadi haifutwi mpaka ziwepo nakala angalau mbili.

Kadi za SD za bandia zimejaa mjini. Zimeandikwa 128 lakini ndani zina 8, na hazikwambii zimejaa. Zinaendelea kupokea picha na kuzitupa. Ukifika nyumbani ipime kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza kadi na kuisoma tena, kisha inasema ukweli.

Ujuzi nao. Kozi za paketi za kompyuta zitakupa Word na Excel, ambazo utazihitaji kwenye ankara. Kile hazikufundishi ni kupanga folda kwa mwaka-mwezi-siku na jina la kazi ili zijipange zenyewe, kutoa picha kwa sRGB, na kumtumia mteja kwenye WhatsApp kama hati badala ya picha, la sivyo zinakamuliwa mpaka hazichapiki. Haya jifunze kabla ya kujifunza kulainisha ngozi.

Programu usiibe. Photoshop ya flashi ya fundi huja na masharti ya kuzima kinga ya virusi, na hapo umefungua mlango mwenyewe. Darktable ni ya bure na ina uwezo mkubwa ingawa ni ngumu mwanzoni. Wenye Canon wana Digital Photo Professional, wenye Nikon wana NX Studio, zote bila malipo. Lightroom hulipiwa kila mwezi. Isubiri mpaka wateja wawili wa mwezi waweze kuilipia.

Ukiwa dukani

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, si Jumamosi alasiri watu wanapokanyagana. Beba kadi yako yenye picha zako mwenyewe, maana picha za maua zilizo kwenye mashine zote zinapendeza.

Zima mashine na uiwashe ukiwa unabonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nywila usiyopewa, mwenye nywila yuko Ulaya. Ukiingia Windows, angalia RAM na prosesa kwenye Task Manager, usitegemee stika. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na ilionao sasa. Iliyobaki nusu, omba upunguziwe bei ya betri mpya. Jaza skrini rangi nyeupe tupu, utafute madoa na sehemu zinazong'aa kama zimebonyezwa. Chomeka kadi, fungua picha moja ya RAW, ipanue asilimia mia, usubiri.

"Mkubwa, hii ni safi kama mpya," ataniambia, na huwa namwambia safi naiona, sasa tuandike. Risiti iwe na jina la duka, nambari ya utambulisho ya kifaa (serial number) ile ile iliyo chini ya laptopu, na muda wa waranti kwa maandishi. M-Pesa iende kwenye namba ya till ya duka, jina lifanane na la risiti. Akitaka utume kwa namba ya simu ya mtu aliyesimama kwenye ngazi, stoli inayofuata iko hatua tatu kutoka hapo na ina T480 ile ile.