Flightradar24 kwa sisi tunaopokea wageni KIA: inanifaa sana, ila ndege binafsi zina watu ndani

Kazi yangu ni kupokea wageni wa safari. Wengi wanashukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro; wengine nawapeleka uwanja mdogo wa Kisongo, Arusha, wapande ndege ndogo kwenda Seronera au Kogatende huko Serengeti. Kwa kazi hii Flightradar24, programu ya simu inayoonyesha kwenye ramani ndege zilipo angani, nisingependa kuikosa hata siku moja, na kwa ndege za abiria naipa nyota tano bila kusita. Kwa ndege binafsi nina neno, na ndilo lililonifanya niandike.

Uzuri wake kwanza. Ndege ya jioni kutoka Ulaya ikichelewa kuondoka, najua nikiwa bado ofisini mjini. Nikifungua simu nikaikuta iko juu ya Misri, dereva hana haja ya kukimbilia njia panda ya KIA. Anakula kwanza, nami napiga simu hotelini Usa River wasifunge jiko. Zamani dereva alikaa pale nje na kibao chenye jina la mgeni mpaka usingizi umchukue. Toleo la bure linatosha kwa haya yote, na bando haliishi ovyo.

Ndege ndogo za hifadhini zina mambo yake. Mama mmoja jirani yangu, mwanawe ni rubani wa Caravan, ndege ndogo ya injini moja, alikuja mbio na simu mkononi: alama ya ndege imepotea karibu na Ngorongoro. "Mwanangu, hii imekwenda wapi? Kaanguka?" Nikamwambia, "Hapana mama, usiogope. Imeshuka nyuma ya milima, hakuna kipokezi kinachoiona." Hakuniamini mpaka kijana mwenyewe alipopiga simu kutoka kiwanja cha porini. Kwa faida ya wenye ndugu marubani: ndege inajitangaza yenyewe kwa mfumo uitwao ADS-B, kwenye masafa ya megahezi 1090. Inataja mahali ilipo, kimo, kasi na namba yake ya utambulisho. Mawimbi hayo yanakwenda moja kwa moja, hayapindi mlima, na ramani inategemea sana vipokezi vya watu wa kujitolea. Porini vipokezi ni haba. Alama ikipotea, usilie kwanza.

Matangazo hayo hayafichwi kwa msimbo wowote. Mwenye kipokezi cha bei nafuu na antena juu ya bati anayanasa, wala havunji mlango wa mtu. Hapo ndipo utetezi wa siku zote unapoanzia: hii ni taarifa ya wazi, anayeiona hana kosa.

Mimi siafiki. Ndege ya shirika imebeba watu mia na ushee, na ramani haikuambii nani kakaa wapi. Ndege binafsi imebeba mwenye nayo, mkewe, watoto na yaya. Ukiifuata hiyo umewafuata wao.

Niliona kwa macho yangu. Kwenye grupu moja la madereva hapa Arusha mtu aliposti picha ya skrini ya jeti inayoshuka KIA, namba ya usajili inasomeka vizuri. Mwingine akaitafuta mtandaoni akarudi na jina la mwenye ndege. Wa tatu akasema anajua kambi yao, wa nne akaiandika. Wageni wanamaliza kugongewa pasipoti, nje kuna watu wasiowahusu wanawasubiri na simu juu. Binti yao mdogo alijifunika uso kwa kofia mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Kila kipande kilikuwa wazi peke yake. Walipoviunganisha, mtoto akakosa pa kujificha.

Mzozo wa Elon Musk na yule mwanafunzi wa Florida, Jack Sweeney, niliufuatilia sana. Kijana alikuwa anatangaza safari za jeti ya Musk kwa akaunti ya Twitter iitwayo ElonJet. Musk akampa ofa ya dola 5,000 aifunge, kijana akataka 50,000. Musk alipoinunua Twitter alisema hataigusa, lakini Desemba 2022 ikafungwa. Baadaye Sweeney akarudi kuposti kwa kuchelewesha saa 24. Kwangu hizo saa 24 ndizo jibu.

Maana sisemi safari za wakubwa zifichwe. Kuna mradi unaofuatilia ndege za tawala za kiimla zinapotua Geneva, na naunga mkono kazi hiyo: kodi ya wananchi imekwenda wapi, wananchi wajue. Tajiri anayerusha jeti kwa mwendo wa saa moja wa gari, watu waujue moshi wake. Ila hayo yote yanajulikana vilevile kesho yake. Anayehitaji kujua dakika hii hii ndege imetua wapi na nani anashuka, huyo sio mwandishi wa habari wala mkaguzi wa hesabu.

Tena matajiri wana njia zao. Bernard Arnault, bilionea Mfaransa mwenye kampuni ya LVMH, alisema mwaka 2022 kwamba kampuni yake iliuza ndege, naye anakodi ili asifuatwe. Marekani wenye ndege wanaweza kuiomba serikali data zao zisionyeshwe, ingawa mtandao mwingine wa kufuatilia ndege, ADS-B Exchange, ulijijengea jina kwa kutoficha kitu. Mimi nawawazia wasio na njia hizo. Mgonjwa anayetolewa porini kwa ndege ya madaktari kabla ndugu zake hawajaambiwa. Rubani wa doria ya ujangili, ambaye jangili mwenye simu janja angependa sana kujua yuko upande gani wa hifadhi asubuhi hiyo.

Katiba yetu ina Ibara ya 18 ya kupata habari, na Ibara ya 16 ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Ofisini kwetu picha ya pasipoti ya mgeni haitumwi kwenye grupu, na sasa namba ya ndege ya kukodi nayo haitumwi: dereva anapewa saa na kiwanja, basi. Admini wa lile grupu naye amekubali kufuta picha za jeti binafsi. Za ndege za abiria zinabaki.

Ombi langu kwa wenye programu hizi zote: ndege binafsi, za wagonjwa na za doria zicheleweshwe saa 24 kabla ya kuonekana kwetu, bila mwenyewe kulazimika kuomba. Waongoza ndege wana rada na mitambo yao, hawaisubiri simu yangu.